Mashine ya Nakonde

Jumatano asubuhi, Ngusa, mlinzi wa getini, alimwomba Tulinagwe mkoba wake kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kisha akaumwaga wote juu ya benchi mbele ya madereva waliokuwa wakisubiri karatasi zao. Kikatoka kitana, kikatoka kitabu cha kliniki cha mtoto, vikatoka viazi viwili vya kuchemsha ndani ya mfuko wa nailoni, ikatoka na pakiti ya pedi. Dereva mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Tulinagwe akaukazia macho ukuta wa ng'ambo ya barabara, kana kwamba kuna kitu ameandikiwa pale.

"Samahani, mama Tabita," Ngusa alisema. "Ni amri ya bosi. Na simu uiache hapa kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Na ni wewe peke yako."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Alirudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja, bila haraka, maana aliona akiharakisha atalia, na kulia mbele ya watu wale hakutaka.

Kampuni iliitwa Raphaeli na Wanawe, Mawakala wa Forodha, ingawa wana wenyewe walikwisha kwenda zao Dar es Salaam na hapakuwa na hata mmoja aliyejua lori linavukaje mpaka. Mwaka ule wa 2013 malori yalipanga foleni kutoka mpakani Tunduma hadi karibu na Mpemba, na aliyekuwa na karatasi safi ndiye aliyevuka. Karatasi za Raphaeli zilikuwa safi kwa miaka mingi. Sasa kwa wiki tatu zilikuwa zikijichafua zenyewe. Karani anasahihisha namba ya tela, wote wanaiona imesahihishwa, halafu jioni faili linapopelekwa forodha, kosa lile lile linakuwa limerudi na kukaa mahali pake kama mwenye nyumba.

Ndani, katika chumba chenye kiyoyozi kizuri kuliko hata cha bosi, zilikaa mashine mbili kubwa na kabati moja la diski. Mashine ya kwanza ilihudumia meza za Tunduma. Ya pili, iliyoitwa na kila mtu mashine ya Nakonde, ilihudumia makarani wa kampuni waliokaa upande wa Zambia, ambao ndio waliokagua na kusahihisha karatasi, ikiwafikia kwa mnara mdogo juu ya paa. Zote mbili ziliandika katika diski zile zile za kabati, na hapo ndipo penye kazi. Ukiwapa watu wawili daftari moja waandike kwa wakati mmoja bila kuambizana, watachana kurasa. Kwa hiyo mfumo endeshi wa kila mashine sharti ufundishwe kwamba kuna mwenzake, anaitwa nani, anapatikana wapi, na kwamba kabla ya kuandika ni lazima aombe nafasi. Kufundisha huko ndiko kulikokuwa kazi ya Tulinagwe, na pale ofisini hakuna mwingine aliyeijua. Mwezi uliopita mfumo wa mashine ya Nakonde ulikufa. Akaweka mpya, akausanidi siku mbili mpaka mashine zikatambuana, na bosi akamnunulia soda mbele ya watu. Sasa soda ile ilikuwa inamtokea puani.

Bosi Raphaeli alimwita ofisini kwake, pale penye saa mbili ukutani, moja ya Tanzania na moja ya Zambia. Alizipenda saa zile. Kila Jumatatu alipanda juu ya kiti mwenyewe kuzirekebisha, wala hakuruhusu mtu mwingine azishike.

"Mimi si mtu wa kusikiliza majungu," alianza. "Nimekaa na kalamu nikachunguza. Mafaili kumi na moja yamerudi kwenye makosa yake. Yote kumi na moja ni ya watu wenye haraka. Mwenye nyanya, mwenye vifaranga, na huyu Luhaga wa mchele anayekuja kunipigia meza. Wale waliokubali kusahihishiwa kesho yake, hata faili moja halijaguswa. Sasa niambie wewe mtaalamu. Mashine inajuaje nani ana haraka?"

Tulinagwe aliona swali ni zuri.

"Anayejua nani ana haraka ni mtu," bosi aliendelea. "Na mwenye haraka ndiye anayetoa kitu kidogo. Forodha wameniambia likirudi jingine, wanalipeleka polisi kama kughushi. Polisi wataniuliza nani anashika mashine. Nitawajibu nini?"

"Bosi, mimi sijachukua hata shilingi ya mtu."

"Basi nionyeshe. Lori la Luhaga limekaa siku ya tatu. Ijumaa jioni karatasi zake zifike forodha zikiwa sahihi. Zisipofika, jina lako litakwenda pamoja nazo." Akasukuma daftari la kaunta mezani. "Kila utakachofanya, andika humo na saa yake. Ngusa atakaa nyuma yako, atasaini kila mstari."

Yaani mtu aliyesomea kompyuta miaka mitatu Mbeya akawekewa mlinzi mwenye rungu nyuma ya kiti.

*

Habari ilitangulia nyumbani kabla yake. Jonasi, mumewe, alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu karibu na stendi, na hakuna dereva wa Tunduma asiyepita pale. Alipoingia, Tulinagwe alimkuta ameacha kazi mapema, ameketi na Tabita mapajani, anamlisha ugali na majani ya maboga. Mama yake Jonasi, bibi Anastazia, alikuwa jikoni akikoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Pole, mama Tabita," Jonasi alisema.

"Nimeshapoa. Na wewe umeambiwa nini?"

"Nimeambiwa mengi. Hata kwamba walikuta dola za Wachina mkobani."

"Wachina hawana dola."

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakasema basi za Wakongo."

Tulinagwe alicheka kidogo, akashangaa kwamba bado anaweza. Lakini bibi Anastazia hakucheka. Alileta maji ya kunawa, akamshikia bakuli, na wakati mkwe wake ameinama alimsemesha polepole, kwa Kiswahili chake kilichojaa mivuto ya Kinamwanga.

"Mkwe, mimi sikuhukumu. Lakini kama ulichukua, useme hapa hapa ndani. Nina ng'ombe mmoja kwa kaka yangu. Tutauza, turudishe, yaishe. Jela ya wanawake mimi nimeiona. Si mahali pa mama wa mtoto."

Jonasi akasema, "Mama!" Bibi Anastazia hakugeuka. Alikuwa anangoja jibu, na usoni mwake hamkuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililomuumiza Tulinagwe kuliko benchi la getini. Madereva walikuwa watu baki. Huyu alikula naye sahani moja miaka minne, na leo alikuwa tayari kuuza ng'ombe kwa ajili ya wizi aliokwisha kuuamini.

"Sikuchukua, mama," alisema.

"Haya. Nimesikia."

Kusikia si kuamini, na wote watatu walijua. Walikula wakizungumzia bei ya mkaa.

*

Alhamisi kutwa alikaa mbele ya mashine ya kwanza, Ngusa nyuma yake kwenye stuli. Ngusa alikuwa Msukuma wa bondeni Momba, mtu wa ng'ombe aliyekuja mjini baada ya ukame, na kazi aliyopewa aliifanya kama anavyohesabu mifugo. Aliuliza kila mstari una maana gani kabla ya kuweka sahihi yake ndefu.

"Hapa umeandika 'orodha ya majina.' Majina ya nani?"

"Ya mashine. Kila moja ina jina na namba. Orodha hii lazima iwe sawasawa kwenye zote mbili. Ikitofautiana hata nukta, zitakataana."

"Na hapa?"

"Hiki ni kipande cha mfumo kinachojua kuzungumza na diski ya pamoja. Lazima kilingane na toleo la mfumo wenyewe. Nimehakikisha kinalingana."

"Na zikiwaka asubuhi, nani anatangulia?"

Tulinagwe aligeuka kumtazama. Lilikuwa swali ambalo hata chuoni wengine hawakuliuliza. "Kwanza mtandao. Halafu huduma ya kuzitambulisha. Halafu ndiyo diski inafunguliwa. Ukianza na diski, mashine inaandika bila kujua mwenzake yupo."

"Kama kufungulia ng'ombe kabla mchungaji hajaamka," Ngusa alisema, akasaini.

Alivunja usanidi wote, akaujenga upya. Kuifikia mashine ya pili hakulazimika kuondoka pale; aliingia kwa kupitia ya kwanza, kama alivyozoea. Akachomoa waya wa mtandao ili aone kama moja itajitoa kwenye diski na kumwachia mwenzake, ikajitoa. Akaurudisha, zikasalimiana. Akaandika faili huku akalisoma kule, akaandika kule akalisoma huku. Hakuna herufi iliyopotea. Kila kitu kilikuwa kizima, na uzima huo ulimtia hofu. Fundi anapokuta kidonda hufurahi, maana ana pa kutia dawa. Yeye alikuwa amepekua mwili mzima na mgonjwa bado anakufa.

Jioni, faili la Luhaga, lililochapwa upya Tunduma mchana na kosa lake na kusahihishwa papo hapo na karani wa Nakonde, lilirudi na namba ile ile mbovu ya tela. Bahati bosi alikuwa amezuia lisipelekwe forodha. Luhaga, mwenye mchele, alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga meza siku hiyo. Alimtazama Tulinagwe tu, akasema taratibu, "Dada, kama kuna mtu nilipaswa nimwone, si ungeniambia tangu Jumatatu? Ningemwona." Tulinagwe aliona heri angetukanwa.

*

Ijumaa alifika mapema, akamwaga mkoba mwenyewe kabla hajaombwa. Ngusa hakuutazama. Wakaingia ndani.

Hakuwa na jipya la kujaribu, basi akaenda kukaa mbele ya mashine ya Nakonde yenyewe, kwenye kioo chake, ambako siku zote hapakai mtu. Akaandika faili fupi la majaribio. Akatazama saa ya mkononi, akaandika katika daftari: saa nne na nusu, faili la majaribio limeandikwa. Akalisogeza kwa Ngusa.

Ngusa akachukua kalamu, akainua macho kwenye kioo, akairudisha kalamu mezani.

"Mimi hapa sisaini."

"Kwa nini tena?"

"Umeandika saa nne na nusu. Mashine inasema saa tatu na nusu. Mimi siwezi kusaini uongo, mama Tabita. Nina watoto."

"Hiyo ni saa ya Zambia, Ngusa. Mashine ya Nakonde."

"Zambia ipi? Mashine si iko hapa Tunduma? Mbona nimeikalia karibu?"

Tulinagwe akakitazama tena kioo. Katika mji ule saa moja pungufu haikuwa kasoro. Nusu ya watu waliishi na saa mbili kichwani. Uliambiwa arusi saa nane ukauliza ya huku au ya kule. Kioo kile alikwisha kukiona mara kadhaa kikiwa nyuma kwa saa nzima, na macho yake yakapita bila kushtuka, maana cha Nakonde chochote kilitakiwa kiwe nyuma. Lakini yeye ndiye aliyeweka mfumo ule. Aliuambia uko Afrika Mashariki. Hakuuambia kitu kingine.

Akahamia mashine ya kwanza akiwa amesimama, akalitafuta lile faili la majaribio. Lilikuwepo, zima. Lilikuwa limeandikwa dakika moja iliyopita, na tayari lilikuwa na umri wa saa moja.

"Ee Mungu wangu," alisema, akaketi sakafuni.

"Unaumwa?" Ngusa aliuliza.

"Hapana. Subiri. Subiri kidogo." Akaanza kuhesabu kwa vidole kama mtoto. Programu ya kampuni ilikuwa na kanuni moja nyepesi: nakala mbili za karatasi moja zikikutana, inabaki iliyoandikwa mwisho. Karani wa Tunduma anaandika saa nne, na kosa lake. Mwenye mzigo ana haraka, anapiga meza, kwa hiyo Nakonde wanasahihisha saa nne na nusu. Lakini mashine ya Nakonde inagonga muhuri wa saa tatu na nusu. Jioni programu inalinganisha, inaona sahihisho ni la zamani kuliko kosa, inalitupa. Asiye na haraka anasahihishiwa kesho yake, na saa moja haimdhuru.

Ndivyo mashine ilivyojua nani ana haraka. Bosi alikuwa ameuliza swali sahihi kabisa.

Sasa ikabaki nani aliyeisogeza saa. Mashine huwa zinaandika kila zinachofanyiwa, na Tulinagwe alipolifungua daftari hilo la ndani alikuta mstari mmoja wa wiki tatu nyuma: Jumapili, saa tano asubuhi, saa imerudishwa nyuma kwa mkono. Jumapili ile yeye alikuwa Itumba, kwenye mazishi ya shangazi yake. Na jina la aliyeingia lilikuwa la pekee ambalo halikupaswa kuingia kamwe, lile ambalo paswedi yake ilifungiwa kwenye bahasha ndani ya sefu ya bosi.

Akauandika mstari ule katika daftari la kaunta, na saa yake. Ngusa akausoma mara mbili, kisha akasaini kwa herufi kubwa kuliko zote.

*

Bosi Raphaeli aliusoma mstari ule. Halafu akatazama saa zake za ukutani, na shingo yake ikaanza kubadilika rangi.

"Sunday alinipigia," alisema hatimaye. Sunday alikuwa karani mkuu wa Nakonde. "Alisema forodha ya kule wanamgomea. Karatasi zimechapwa saa tano wakati kwao ni saa nne. Wanamwambia hii karatasi imetoka kesho. Wewe hukuwepo. Nikasema kitu gani hiki, ni saa tu. Nikairudisha nyuma. Kama ninavyofanya hizi." Akaonyesha ukuta kwa kidevu.

"Ulisogeza mishale, bosi. Ulitakiwa uiambie tu iko nchi gani. Ndani, mashine zote mbili zinahesabu wakati mmoja. Kinachobadilika ni kile inachomwonyesha mtu."

"Nilisahau hata kwamba nimeigusa."

"Na mimi nina kosa langu," Tulinagwe alisema. Angeweza kulinyamazia, hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amechoka kutazamwa kama mtu anayeficha. "Nilipoweka mfumo mpya sikuzifunga mashine zote kwenye saa ya chanzo kimoja. Ningezifunga, ungeisogeza asubuhi, jioni ingejirudisha yenyewe. Andika na hilo."

Bosi hakuandika. Aliuliza, kwa sauti ambayo Tulinagwe hakuwahi kuisikia kwake, "Itachukua muda gani?"

Ilichukua chini ya saa moja. Mashine ya kwanza akaifanya mshika saa, ya pili akaiamuru iifuate. Akaingiza jambo hilo katika orodha ya mambo yanayotangulia mashine zikiwaka: mtandao, saa, kutambulishana, ndipo diski. Kisha akaiambia mashine ya Nakonde kwamba iwaonyeshe watu wa Zambia saa ya Zambia, wala isimdanganye mtu kuhusu nyingine. Akampigia Sunday kwa simu ya bosi.

"Mulishani, ba Tuli!" Sunday alimsalimu kwa Kibemba, akipiga kelele kwa furaha, maana alidhani Tulinagwe ameshafukuzwa kazi.

"Bwino, kaka. Sikia. Huku wanaandika upya karatasi ya Luhaga, na namba ileile mbovu. Ukiiona tu, isahihishe. Usisubiri."

Dakika kumi na mbili zikapita kati ya kosa na sahihisho. Tulinagwe akaiamuru programu ifanye kazi ya jioni mchana huo huo. Watatu wakasimama mbele ya kioo, bosi, fundi na mlinzi, wakikodoa macho. Namba ya tela ikatokea. Ilikuwa sahihi. Ngusa akaisoma kwa sauti tarakimu moja moja, akathibitisha na ile aliyoiandika getini lori lilipoingia, na Tulinagwe akahisi raha kama ya mtu aliyetua debe la maji baada ya mlima mrefu.

Saa tisa forodha waligonga muhuri. Saa kumi lori la mchele lilivuka, Luhaga amekaa mbele na dereva, akipunga mkono kwa watu asiowajua.

"Basi yamekwisha," bosi Raphaeli alisema. "Jumatatu nitawatangazia wafanyakazi kwamba mtambo ulikuwa na hitilafu, tumeirekebisha."

"Sawa, bosi. Lakini mimi sikupekuliwa na wafanyakazi. Nilipekuliwa getini."

Alilisema bila ukali. Bosi alikaa akichezea kifuniko cha kalamu. Alikuwa mtu mwenye kiburi, lakini hakuwa mtu mbaya, na wakati mwingine watu wa namna hiyo hufika, ila hufika kwa kuzunguka. Alivaa koti lake. Akatoka mpaka kwenye benchi, ambapo madereva walikuwa tele kama kawaida ya Ijumaa, akakohoa.

"Mnasikia? Huyu mama hakuchukua kitu cha mtu. Aliyeharibu karatasi zenu ni mimi, kwa mkono wangu, kwa kutokujua. Yeye ndiye aliyetengeneza. Anayetaka kusema kitu aniseme mimi." Akageuka kurudi ndani, akajikwaa kwenye kizingiti, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka mlango ulipofungwa.

*

Jonasi alikuwa amekwisha kusikia, bila shaka. Alimpokea njiani kwenye kona ya kibanda chake, mikono ina risasi ya kulehemu, akamchukulia mkoba. Walitembea pamoja mpaka nyumbani.

Bibi Anastazia alikuwa uani. Alipomwona mkwe wake alisimama, jambo ambalo mama mkwe hana sababu ya kulifanya, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nilikuuliza swali baya," alisema.

"Uliniuliza, mama. Wengine hawakuniuliza."

"Lilikuwa baya. Nilijibiwa, nikakaa nalo tena siku mbili, silali. Nisamehe."

Hapo ndipo Tulinagwe alipolia. Siku zote tatu hakulia, wala getini, wala mbele ya bosi, na sasa kilio kilimtoka kwa nguvu hata Tabita akakimbia kujificha nyuma ya baba yake. Bibi Anastazia alimshika mabega, akamwingiza ndani, akamvua viatu kama anavyovuliwa mgonjwa, akamlaza kitandani, wakati jua la jioni bado lilikuwa kali dirishani. Usingizi ulimchukua kabla shuka halijamfika kifuani.

Haikupita nusu saa wakaanza kufika. Jirani wa kulia, jirani wa kushoto, wanawake wawili wa kwaya, wote wale waliokuwa na habari za dola siku ya Jumatano, sasa wamekuja na pongezi na hamu ya kusikia yote tangu mwanzo. Bibi Anastazia aliwakuta mlangoni, akatandaza mikono kutoka mwimo hadi mwimo.

"Rudini kesho," aliwaambia. "Na msipige kelele hapo njiani. Mwanangu amelala."